Kompyuta ya zamani: Pigeni hesabu kabla ya kubadili

MWENYE duka la pembejeo Bugarama, au karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), anayetumia kompyuta yenye Windows 10 ana uamuzi wa kufanya. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza huduma ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama katika mfumo huo uliotoka mwaka 2015. Kwa watu binafsi waliojiandikisha, iliweka nyongeza ya mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 13, 2026.

Kompyuta hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuchapa barua na kutunza hesabu kama kawaida, na hapo ndipo ulipo mtego. Tundu likigunduliwa katika mfumo usio na huduma, hubaki wazi kwa wezi.

Mfano upo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai dola 300 kwa kila moja. Dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuipata.

Ni vyema basi kulinganisha gharama mbili: ya kubadili mfumo, na ya kupoteza kilichomo. Kompyuta ya kuchapa barua tu, isiyotumia intaneti, yaweza kusubiri, mradi flashi za wateja zikaguliwe. Lakini ile yenye majina ya wakulima, kilo za pamba na madeni ya mbolea haifai kusubiri. Kumbukumbu hizo zikipotea, mkulima anayedai malipo yake atabaki na neno lake tu.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kunakili kumbukumbu zote kwenye diski ya pembeni na kuihifadhi mbali na kompyuta. Pili, kukagua mashine. Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Inayokidhi hubadilishwa bure. Isiyokidhi yaweza kuwekewa Linux, nayo ni bure, baada ya kuhakikisha kuwa printa na programu ya hesabu vitafanya kazi.

Tahadhari iwe kwa fundi anayeahidi "kupiga Windows" ya kunakili kwa bei ya kutupa. Nakala hiyo yaweza kuja na virusi vyake. Tena, kazi hii isifanywe wakati wa ununuzi wa pamba, wala umeme unapokatika ovyo.

Bodi za AMCOS ziingize gharama hii katika makisio ya msimu. Mizani ikiharibika hakuna mkulima anayekubali kupimiwa. Kompyuta inayotunza kilo hizo inastahili uangalifu uleule.