Bahari Haiuzwi kwa Kilo

Kuna picha moja inazunguka sana kwenye simu zetu. Sebule ya ghorofa fulani Nairobi, taa za buluu, tangi la kioo, na ndani yake yule samaki wa rangi ya machungwa ambaye sote tunamwita Nemo tangu ile filamu ya 2003. Chini yake kuna rundo la mawe yenye matundu, yamevaa zambarau na waridi. Watu wanamsifia samaki. Mimi nauliza hayo mawe yametoka wapi.

Nauliza kwa sababu nimewahi kuwa mwenye picha hiyo. Kwa siku tatu.

Nilitengenezewa tangi la lita 200 na fundi wa vioo. Nikanunua chumvi, pampu, taa na hita, halafu nikampata jamaa kwenye WhatsApp anayeuza mwamba hai kwa kilo. "Boss, ukiweka hii, tangi linaiva siku hiyo hiyo," akaniambia. "Samaki unatia jioni." Nikatuma pesa kwa M-Pesa. Kilo 20 zikapanda basi la usiku kutoka Mombasa, zimefungwa magazeti yaliyoloweshwa, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stejini kuzipokea kama mtu anayepokea mgeni wa heshima.

Jioni hiyo nikatia samaki watano. Nikapiga picha. Mkaipenda, asanteni.

Siku ya tatu jirani alibisha mlango akaniuliza kwa upole kama nimesahau omena jikoni. Nyumba ilikuwa inanuka. Samaki walikuwa juu kabisa ya maji, wanahema kama watu waliokimbilia matatu. Nilipima amonia, kitu ambacho ningefanya kabla, na kile kichupa kikageuka kijani cha kutisha. Kufikia Jumapili nilikuwa nimezika samaki watano kwenye mkebe wa maua.

Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa uzembe, na uzembe ulikuwepo. Lakini hapa nataka kulaumu kitu kikubwa kidogo: ile biashara yote ya kuniambia kwamba bahari inaweza kung'olewa, kupimwa kwenye mizani na kuletwa mlangoni, ili mimi nisilazimike kungoja.

Hebu tuelezane kwanza mwamba hai ni nini, maana wengi wanaouza hawaelezi. Jiwe lenyewe halina uhai. Ni mifupa ya matumbawe, chokaa iliyojengwa na vijidudu vidogo kwa miaka mingi. Uhai ni wapangaji: bakteria, sponji, minyoo, kaa wadogo, mwani mgumu. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki wengi wanaivumilia ikiwa kidogo. Ndani zaidi kwenye matundu, kusikofika oksijeni, kuna bakteria wengine wanaoimalizia kazi, nitreti inakuwa gesi ya nitrojeni na kupotea hewani. Jiwe moja ni kiwanda kizima cha maji taka. Ndiyo maana kila mtu analitaka.

Sasa chukua kiwanda hicho, kitoe majini, kifunge magazeti, kisafirishe zaidi ya kilomita 480 usiku kucha. Sponji inakufa. Minyoo inakufa. Unapolitumbukiza kwenye tangi lako, maiti zote hizo zinaoza ndani ya maji, na zinatoa ile ile amonia uliyotaka jiwe likuondolee. Wafugaji wenye uzoefu wanalijua hili. Jiwe lililotoka safari wanaliweka kando kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu na hita, wanalisugua, wanabadilisha maji, wanangoja wiki kadhaa mpaka harufu iishe na amonia irudi sifuri. Ndipo linaingia kwenye tangi.

Soma tena hapo. Wiki kadhaa. Yaani hata ukinunua mwamba uliong'olewa baharini, utangoja tu! Jamaa wa WhatsApp aliniuzia njia ya mkato ambayo haipo.

Baadaye nilishuka Pwani, upande wa Kilifi, kwa shughuli zangu nyingine. Asubuhi moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali sana, mzee mmoja mvuvi alinikubalia nimfuate mwambani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikanyage anapokanyaga yeye. Tulipofika alinyoosha fimbo yake.

"Unaona hapo peupe, mwanangu?"

Palikuwa na kovu. Sehemu kama ya mlango wa nyumba, nyeupe, tupu, katikati ya mwamba wa rangi ya udongo na kijani.

"Hapo palikuwa na jiwe. Chini yake shimo la pweza. Shimo hilo nimeonyeshwa na marehemu mama yangu."

"Sasa pweza yuko wapi, mzee?"

"Amekwenda zake. Pweza atakaa kiwanjani? Yeye ataka nyumba."

Vijana walikuja na mtaimbo na magunia, akasema. Nikamuuliza walilipwa ngapi. "Pesa ya unga." Akanigeukia. "Na nyinyi huko juu mwanunua ngapi?"

Nilimtajia bei niliyolipa. Hakunijibu. Aliinama, akageuza jiwe lililokuwa karibu na mguu wake, akatazama chini yake, kisha akalirudisha vilevile lilivyokuwa limelala. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba jiwe likiachwa limepinduka, kila kilichokuwa kinaishi upande wa chini kinakauka kwa jua. Hata anapotafuta chakula, yule mzee anafunga mlango nyuma yake.

Sijui kama mawe yangu yalitoka pale. Yalitoka mahali kama pale, na hilo linatosha kunikosesha usingizi.

Najua mtakachosema, kwa sababu mimi mwenyewe nilikisema.

Mtasema jiwe moja ni nini mbele ya bahari yote. Kuna matumbawe ya duara, yale makubwa kama viti, ambayo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kipande cha sentimita 30 kinaweza kuwa na umri kunishinda. Na hakuna anayenunua moja. Mimi peke yangu, mtu wa mshahara wa kawaida na ghorofa ya kupanga, nilichukua kilo 20 kwa tangi moja lililokufa ndani ya wiki.

Mtasema bahari inauawa na joto, sio na tangi langu. Ni kweli, na ni kweli kubwa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa sana ya matumbawe ya pwani yetu, na kuna sehemu hazijawahi kurudi zilivyokuwa. 2016 yakapauka tena. Lakini hoja hii ukiifuata vizuri inakupeleka upande wangu. Mwamba uliochomwa na joto unahitaji kila jiwe lililobaki, kwa sababu matumbawe machanga hayashiki mchangani, yanahitaji mahali pagumu pa kujishikiza. Mgonjwa aliyetoka ICU humwibii godoro eti kwa sababu ugonjwa wake haukusababishwa na wewe.

Mtasema wazee wetu pia walichukua. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu. Waswahili walijenga kwa matumbawe. Gede imesimama kwa matumbawe, Lamu imesimama kwa matumbawe, na kwa kazi za nakshi, kama mihrabu na miimo ya milango, mafundi walikata tumbawe bichi baharini kwa sababu lilikuwa bado laini kuchonga. Lakini angalia walichofanya nalo. Walijenga msikiti. Walijenga nyumba ambayo vitukuu vya vitukuu vyao wanalala ndani yake leo. Sisi tunajenga pambo la sebule ambalo tutaliuza mtandaoni tukihama, au tutalitupa landilodi akipandisha kodi. Usijifunike kanzu ya babu yako wakati hujafanya kazi yake.

Na mtasema vijana wa Pwani wanapata riziki. Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inasemwa na mtu ambaye hajawahi kuuliza kijana alipata ngapi. Kwenye mnyororo huu, anayeingia majini na mtaimbo ndiye anayelipwa kidogo zaidi na ndiye atakayeshikwa. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa tangu 1968, hairuhusiwi kutoa kitu chochote. Askari akimkuta na gunia, kesi ni yake. Mimi nikipiga picha ya gunia lile lile likiwa kwenye taa za buluu, napata mioyo 300. Ukitaka kujua watu wa Pwani wanataka nini, waangalie wavuvi wa Kuruwitu. Mwaka 2005 waliamua wenyewe kufunga eneo la kama hekta 30 la bahari yao, wasivue humo, ili samaki wazaliane na kumwagikia nje. Watu wanaotegemea bahari kwa chakula cha jioni waliweza kungoja miaka. Sisi wa tangi la sebuleni tunashindwa kungoja wiki sita.

Sijaja kuwaambia muache samaki. Mimi sijaacha. Nimekuja kuwaambia kwamba kitu mnachonunua kwa bei ghali kipo, ni rahisi, na hakina damu ya mtu.

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliokufa kitambo, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Watu wanauchimba nchi kavu kila siku. Zile bloku za kijivu na nyeupe za nyumba za Mombasa ni huo. Saruji ya Bamburi imetoka kwenye huo, na Haller Park ni machimbo yake ya zamani yaliyopandwa miti. Ni chokaa ile ile, na vipande vingine vina matundu yale yale. Vipande vilivyovunjika, visivyofaa kujengea, viko machimboni vimelala tu. Chagua vyenye matundu mengi, visivyo na saruji wala mafuta ya mashine. Visugue, viloweke siku nyingi, ubadilishe maji mpaka yawe safi.

Kisha mfanye maiti awe hai. Hii si miujiza, ni chachu. Mama akitengeneza maziwa ya mgando anaacha kidogo ya jana kwenye kibuyu, si ndiyo? Fanya hivyo. Omba rafiki mwenye tangi lililokomaa akupe jiwe dogo au sponji ya filta yake. Korogea chumvi ya bahari ya matangi, karibu gramu 35 kwa lita. Ile ya kachumbari haifai, haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, kwa sababu ya mfereji yana klorini na visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Weka joto kwenye nyuzi 25 au 26, maana Julai ya huku itakuulia bahari ya tropiki usiku mmoja. Tafuta pampu ndogo ya betri, kwa sababu stima itapotea, na maji yakisimama oksijeni inaisha.

Tumbukiza kipande cha kamba kutoka sokoni kioze. Hapo umewapa bakteria chakula. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitraiti ikipanda. Nitraiti nayo itashuka, nitreti ianze kuonekana. Ni wiki nne, sita, wakati mwingine nane. Amonia na nitraiti zikikaa sifuri, badilisha sehemu ya maji, tia samaki mmoja. Mmoja!

Kama bado unataka kununua mwamba, basi muulize muuzaji maswali mawili. Umetoka wapi, mahali gani hasa? Kama ni matumbawe ya nje, kibali cha CITES kiko wapi, kwa kuwa matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo na hayavuki mpaka kihalali bila makaratasi? Akianza kukuita boss mara tatu kwa sentensi moja, mwachie kilo zake.

Tangi langu sasa liko wiki ya tano. Lina mawe ya machimboni, meupe, yenye utando wa kahawia unaochukiza, na hakuna kitu kingine cha kuonyesha. Wageni wakija wanakodoa macho kwenye kioo, wanatafuta. Jana yule jirani wa omena alipita, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Samaki wako wapi?"

"Bado," nikamwambia.