Deni Lililoiangusha Dunia

Ndugu zangu katika imani, watoto wetu husikia neno mdororo wa uchumi wakadhani ni kudura isiyo na sababu. Hakika kila jambo liko mikononi mwa Allah (S.W.), lakini mdororo mkuu ulioanza mwaka 1929 ulitanguliwa na yale yaliyochumwa na mikono ya wanadamu.

Katika miaka ya 1920, Wamarekani wengi walinunua hisa kwa fedha za kukopa, wakitumaini kuwa bei hazitashuka. Oktoba 1929 soko la New York likaporomoka. Wakopaji wakashindwa kulipa, benki zikayumba, na wenye akiba wakakimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja. Kila mmoja alipotaka chake siku ile ile, wengi walikosa. Maelfu ya benki yalifungwa, na kufikia mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na kazi.

Msiba huo ulivukaje bahari? Kwanza, ni kwa mikopo: Ujerumani ilitegemea fedha za Marekani, nazo zikarudishwa kwao. Mei 1931, benki ya Creditanstalt ya Vienna ikatetereka. Pili, ni kwa dhahabu: mataifa yaliyofungamanisha sarafu zao na dhahabu yalibana matumizi wakati raia walihitaji nafuu. Uingereza ilijitoa Septemba 1931. Tatu, ni kwa ushuru: Marekani iliupandisha Juni 1930, wengine wakalipiza, na biashara ikadhoofu.

Wazee wetu nao hawakusalimika. Bei ya mkonge wa Tanganyika ilianguka, vibarua wakapunguzwa. Unguja na Pemba, wenye mashamba ya karafuu walizama katika madeni, hata serikali ikalazimika kuingilia kati kwa sheria mwaka 1934.

Basi deni si siri ya mtu mmoja. Surat al-Baqara, aya ya 280, inatuamrisha kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Historia imeonesha kuwa huruma hiyo humlinda hata mdai mwenyewe, kwani anayemfilisi jirani yake hupoteza mteja na deni pia. Nasi tunaokopa kwa ajili ya fahari ya harusi, tujihesabu kabla hatujahesabiwa.

Allah atujaalie riziki ya halali na atuepushe na mzigo wa madeni. Amin.