Hatamu si Hatima: Asili na Maana ya Neno la Wapanda Farasi

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo hutumiwa kila uchao ilhali ni wachache wanaojua yalikotoka. Mojawapo ni hatamu. Rais anapoapishwa, mwenyekiti wa chama anapochaguliwa, hata kiongozi wa wanafunzi anapoingia ofisini, husemwa kwamba ameshika hatamu za uongozi. Aghalabu anayeulizwa hatamu ni nini hujibu kuwa ni mamlaka. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Kwa maana yake ya msingi, hatamu ni kamba au ukanda wa ngozi unaomwongoza mnyama apandwaye. Ukanda huo huunganishwa na lijamu, yaani chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi. Mpandaji huketi juu ya tandiko na kutia miguu vikukuni, lakini ni kwa hatamu ndipo humwelekeza farasi kushoto au kulia na kumsimamisha. Kiswahili kina pia neno la Kibantu, kigwe, lenye uhusiano na ugwe, ambalo hutaja kamba iyo hiyo. Hata hivyo, siasa ilichagua hatamu.

Neno hili limetokana na Kiarabu, khitam, ambalo hutaja kamba ya kumwongozea ngamia, na mzizi wake unahusu pua ya mnyama. Lilipopokelewa, kh ikawa h, na irabu u ikaongezwa mwishoni kama ilivyokuwa kwa kalamu. Katika pwani ya Afrika Mashariki farasi hawakuwa wengi kwa sababu mbung'o waliwaambukiza maradhi yaliyowaua. Punda ndiye aliyetamalaki, kama Lamu inavyoshuhudia hadi leo. Farasi walinawiri zaidi katika tenzi za vita. Si ajabu basi kwamba neno hili limeishi zaidi katika sitiari kuliko katika mazizi.

Wapo wanaodhani kwamba hatamu na hatima ni maneno ya ukoo mmoja. Dhana hiyo haina mashiko. Hatima na hitimu zina mzizi wenye t nyepesi ya Kiarabu, nao unahusu kumaliza. Hatamu ina t nzito. Kiswahili hakizitofautishi sauti hizo mbili, ndipo maneno yasiyo na udugu yakafanana kama mapacha.

Yamkini wengine watadai kwamba msemo wenyewe ni tafsiri tu kutoka lugha za kigeni. Dai hili halipuuziki, kwani sitiari ya aina hii imo katika lugha nyingi. Lakini Waarabu wanapozungumzia uongozi husema zimam, ambayo ni kamba nyingine. Waswahili walijichagulia kamba yao na kuipa kazi mpya. Nchini Tanzania, kauli ya chama kushika hatamu ilibeba msimamo mzima wa kikatiba katika enzi ya chama kimoja, hadi mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu. Neno likitengwa na asili yake, hugeuka kuwa pambo. Anayejua hatamu ni nini anajua pia kwamba mwenye kuishika hapewi farasi ili amchape. Amekabidhiwa safari, na mikono yake haina budi kuwa macho. Akiikaza mno, farasi husimama wima na kumwangusha. Akiilegeza mno, humpeleka atakako. Kamusi na walimu wanaoeleza hatamu kama mamlaka pekee huwanyima wasomaji kipimo cha kumhukumu kiongozi. Yafaa maana ya ukanda itangulie, na ya uongozi ifuate. Hapo itakuwa bayana kwa kila anayeapishwa kwamba kushika hatamu ni kuanza safari. Hatima ni neno jingine.