Mapigo ya Moyo Yapimwe, Saa Iandikwe

Moyo unapoanza ghafla kwenda mbio bila mpangilio, wengi wetu husema ni uchovu, tukangoja upite. Huenda ni uchovu kweli. Lakini huenda pia vyumba vya juu vya moyo vimeacha kupiga sawasawa na vinatetemeka tu. Damu ikituama humo huganda, na bonge lake likifika ubongoni huleta kiharusi. Hatari hiyo kwa mgonjwa wa namna hii yakaribia mara tano ya ile ya mtu mwingine.

Wako wanaodhani kwamba msaada huanzia Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisi hatukubaliani nao. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa ambao hali yao haikuwa mbaya, waliopewa dawa ya kupunguza mbio za moyo na kusubiri chini ya uangalizi wa madaktari, asilimia 69 walirudia mapigo ya kawaida ndani ya saa 48 bila kushtuliwa kwa umeme.

Hata hivyo, kusubiri si kupuuza. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unaonya kwamba zikipita saa 24, au saa ya kuanza isipojulikana, mgonjwa asiye katika hatari ya papo hapo asishtuliwe kabla ya kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa majuma matatu, au kupimwa kuhakikisha moyoni hamna bonge. Hapo ndipo mtu wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Nyasa anapopunjika: mpaka avuke maji, afike Mbamba Bay na kupanda milima ya Mbinga hadi Songea, saa hizo huenda zimekwisha, wala hakuna aliyeziandika.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wahusika: kila zahanati ihesabu mapigo ya mgonjwa kwa dakika nzima, na saa ugonjwa ulipoanza iandikwe katika barua ya rufaa. Hospitali za wilaya nazo zisikose kipimo cha umeme wa moyo, dawa ya warfarini, na kipimo cha damu kinachoongoza kiasi chake.

Nanyi wananchi, moyo ukibadilika, tazameni saa, kisha nendeni zahanati. Kifua kikibana, pumzi ikipungua au mdomo ukipinda, msingoje hata kidogo.