Kurasa Tupu

Wapo wasemao kuwa wimbo usio na maneno ya kueleweka ni ulaghai, na kwamba filamu fupi inayoandamana nao si chochote ila pambo la kuuzia. Nawajibu kwa kundi la Sigur Rós la Iceland, lililoundwa Reykjavík mwaka 1994.

Mwaka 2002 kundi hilo lilitoa albamu isiyo na jina. Nyimbo zake nane hazikupewa majina, na kijitabu chake kilikuwa na kurasa tupu. Mwimbaji wake, Jónsi, anaimba humo silabi zisizo za lugha yoyote. Ulaghai? Basi itazame filamu ya wimbo wa kwanza, iliyoongozwa na Floria Sigismondi: watoto wa skuli wanavaa barakoa za gesi, wanatoka nje kucheza, na theluji inayowaangukia ni nyeusi kama masizi. Nani atahitaji mkalimani hapo? Neno moja la mahubiri lingeiua picha hiyo.

Na hoja ya pambo? Mwaka 2012, kwa albamu ya Valtari, kundi liliwapa watengenezaji filamu kadhaa fungu dogo la fedha, sawa kwa kila mmoja, likawaacha watengeneze walichokiona nyoyoni mwao bila ya kuomba idhini. Mchuuzi gani hulipia pambo asilolijua?

Tuseme kweli: kinachotuudhi si utupu wa wimbo. Tumeachiwa kurasa tupu, nasi tumeona hatuna la kuandika.