Diski unaweza kuiuzisha tena, mchezo wa intaneti hapana

Huko Ufaransa, tarehe 23 Oktoba 2024, mahakama ya juu kabisa ilifunga kesi iliyodumu karibu miaka tisa. Yule aliyenunua mchezo wa video kwenye Steam, duka la intaneti la kampuni ya Marekani Valve, hana haki ya kuuzisha mchezo huo kwa mwingine. Shirika la kutetea wanunuzi, UFC-Que Choisir, ndilo lilishtaki, mwaka 2015. Mwaka 2019 tribinali ya Paris ililipa haki. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu.

Nyuma ya sheria kuna feza. Diski inapouzishwa ikiwa mpya, kampuni iliyotoa mchezo inapata fungu lake, basi. Kisha diski inaanza kutembea: kijana anamaliza kucheza, anaipeleka dukani, duka linaongeza bei na kumuuzishia mwingine. GameStop ya Marekani ilikula sana kwa njia hiyo, na kampuni ya mchezo haikupata hata senti. Lakini kuna jambo ambalo makampuni hayapendi kusema: wengi wanakubali bei kali ya mchezo mpya kwa sababu wanajua sehemu ya pesa itarudi. Na ile pesa, mara nyingi, inanunua mchezo mwingine mpya.

Juni 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya kubana diski za Xbox One. Wachezaji walipiga makelele, na tarehe 19 ya mwezi uleule kampuni ikarudi nyuma. Intaneti imefaulu pale Microsoft ilishindwa.

Hoja ya makampuni si ya bure. Diski inakwaruzika, nakala ya intaneti haichakai. Ya kutumiwa ingekuwa sawasawa na mpya, nani basi angelipa bei kamili? Lakini hivi leo mnunuzi analipa kama mwenye nyumba, anakaa kama mpangaji.

Hukumu ya Ufaransa haifungi tribinali za Kongo. Hata hivyo, kijana wa Bukavu ao Bunia akifungua akaunti ya Steam, anakubali masharti yanayokataza kuuzisha akaunti hiyo. Tena kuna PlayStation 5 isiyo na mahali pa kuingiza diski. Bei yake ilitoka chini kuliko ile ingine, lakini mwenye kuichukua jinsi ilivyo hawezi kuchezea diski ya mkononi mwa rafiki, wala hana ya kuuzisha siku shida inaingia nyumbani.