Kupendwa si Kuuzika: Juu ya Magari ya Mbio ya Nakala

Mwezi wa Agosti 2016, katika mnada uliofanywa Monterey, jimbo la California, gari dogo la wazi la viti viwili, lenye injini ya Ford na bodi ya alumini iliyofuliwa Uingereza, lilinunuliwa kwa dola milioni 13.75, bei ambayo hadi siku ile ilikuwa haijapata kulipwa mnadani kwa gari lolote la Kimarekani. Lilikuwa Cobra ya kwanza kabisa, yenye namba ya chesisi CSX2000. Siku hiyo hiyo mtu wa mapato ya kadiri, lau angekuwa na fedha zitoshazo gari jipya la kawaida na kitu kidogo juu yake, angeweza kujipatia gari lenye umbo lile na mngurumo ule, akaliendesha hadi mlangoni pa mnada, na wengi wa wapita njia wasitambue lipi ni lipi. Katika nafasi iliyo baina ya bei hizo mbili ndimo inamoishi biashara ya magari ya nakala, ambayo wengine huidharau na wengine huishitaki, na ambayo mimi naona inastahili kutazamwa kwa insafu.

Wanaozungumza juu ya biashara hii hupenda kuuliza swali ambalo hulidhani kuwa moja, nalo ni mawili: ni nakala ipi inayopendwa kuliko zote, na ni ipi itakayomrudishia mwenyewe fedha zake siku atakapotaka kuiuza. Huamini kwamba jibu la kwanza hubeba la pili, kwa kuwa sokoni kitu kipendwacho ndicho kiuzikacho. Rai yangu ni kwamba katika magari haya mapenzi na thamani huenda njia mbalimbali, na kwamba kadiri nakala inavyokiri waziwazi kuwa ni nakala, ikamtaja na aliyeiunda, ndivyo inavyohifadhi bei yake. Ilhali ile inayojitia kuwa asili ndiyo iangukayo upesi.

Habari za Cobra hazina budi kusimuliwa kwa kituo, maana hakuna gari la mbio lililonakiliwa kuliko hilo. Carroll Shelby, mzaliwa wa Texas, alikuwa dereva wa mashindano aliyeshinda Le Mans mwaka 1959 katika Aston Martin, akipokezana usukani na Roy Salvadori, na mwaka uliofuata maradhi ya moyo yakamlazimisha kuacha mashindano. Mwaka 1961 alipata habari kwamba kampuni ya AC, ya Thames Ditton karibu na London, iliyokuwa ikiunda gari jepesi liitwalo Ace, ilikuwa inaachwa bila injini kwa kuwa Bristol, waliokuwa wakiiuzia, walikuwa wanakoma kuiunda. Akaiandikia AC kuomba fremu na bodi, akawaendea Ford kuomba injini ya silinda nane, na husemwa kwamba kwa kila upande alizungumza kama mtu aliyekwisha kukubaliwa na upande wa pili. Gari la kwanza lilipokuwa tayari mwaka 1962, alilipaka rangi mpya kila lilipopelekwa kwa mwandishi mwingine wa magazeti, ili walimwengu wadhani kwamba yako mengi. Basi wanaozicheka nakala za Cobra kwa kuwa ni nyingi zinazojifanya moja, wasisahau kwamba asili yenyewe ilikuwa moja iliyojifanya nyingi.

Hadi uundaji ulipokoma mwaka 1967 yalikuwa yametoka magari kiasi cha elfu moja tu, nayo yalikuwa yamekwisha kuipatia Marekani, mwaka 1965, ubingwa wa dunia wa magari ya aina ya GT, ambao kabla ya hapo ulizoeleka kubaki mikononi mwa Ferrari. Sifa ikawa kubwa na magari yakawa machache, na hilo pekee lingetosha kuamsha shauku. Lakini kilichowafungulia mlango wanakili ni wepesi wa kazi yenyewe. Fremu ya Cobra ni mabomba mawili marefu yaliyounganishwa, ambayo fundi mwenye mtambo wa kuchomelea huyaelewa kwa kuyatazama mara moja. Haina paa, haina vioo vya milangoni, na mistari yake ya mviringo hukubali kumwagwa kwa faiba katika kalibu bila ya taabu kubwa. Injini yake ni ya ukoo ambao Ford waliufyatua kwa mamilioni, na vipuri vyake hupatikana kila mji wa Marekani. Anayetaka kunakili Ferrari yenye silinda kumi na mbili hana bahati hiyo: atapata umbo, lakini moyo wake hataupata ila kwa mali nyingi.

Kwa hiyo wakatokea waundaji wa kila daraja. Factory Five, kiwanda kilichoanzishwa Massachusetts mwaka 1995, kiliuza vipande ndani ya makasha ili mnunuzi aviunganishe gerejini kwake, akitoa injini na giaboksi katika Ford Mustang kuukuu. Na kwa kuwa jina la Cobra lina wenyewe, gari lao wakaliita Roadster basi. Ndugu wawili wa Provo, Utah, waitwao Kirkham, walikwenda mbali zaidi, wakawaajiri mafundi wa Mielec, Poland, katika kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege za vita za MiG, wawafulie bodi za alumini kwa mkono. Na hapa Afrika, katika mji wa bandari uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na leo ni Gqeberha, kampuni ya Hi-Tech imekuwa ikiunda magari ya Superformance na kuyapakia melini kwenda Marekani, ambako injini hutiwa yakiwa yamekwisha kufika. Waliotazama filamu ya mwaka 2019 iliyosimulia mashindano ya Ford na Ferrari huko Le Mans waliyaona magari ya kampuni hiyo yakikimbia, na nadhani ni Waafrika wachache waliojua kwamba walikuwa wakitazama kazi ya bara lao wenyewe.

Lililo dhahiri ni kwamba gari la kuunganishwa nyumbani, ambalo ndilo lipendwalo na watu wengi zaidi, ndilo pia lenye bei isiyotabirika kuliko yote. Sababu yake haina fumbo. Aliyeliunganisha ametumia jioni za mwaka mzima au zaidi, amechagua rangi, amechagua viti, amebadilisha breki mara mbili kwa kutoridhika, na siku ya kuuza hutaka kulipwa kwa hayo yote. Naye mnunuzi haoni jioni hizo, bali huona kazi ya mtu asiyemjua, wala hana hakika kama kila bolti ilikazwa inavyopasa. Atalipa vipuri kwa punguzo, na jasho hatalilipa. Fauka ya hayo, magari kama hilo huwa yako mengi sokoni siku ile ile. Kinyume chake, Superformance hutoka kiwandani, yafanana moja na jingine, na mnunuzi wa pili anajua anachonunua sawasawa na wa kwanza. Gari la Kirkham hupanda juu zaidi kwa ajili ya alumini yake na uchache wake. Na yale ambayo Shelby mwenyewe aliyarudia katika uzee wake, akayapa namba zinazoanzia CSX4000, hupata bei njema kwa kuwa yameandikwa katika daftari la Shelby, ijapokuwa nayo ni nakala kama nyingine, na mengi yake hata bodi zake ni za faiba.

Katika pwani yetu jambo hili la nakala kumtaja aliyeifanya si geni. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, walikuwako makatibu mahodari walionakili misahafu kwa mkono, na ilikuwa ada ya wanakili wa Kiislamu kuandika mwishoni jina la mwenye kunakili na tarehe aliyomaliza. Silinganishi kitu kitukufu na chombo cha dunia. Nasema tu kwamba hati ya namna hiyo hadhi yake ilikuwa katika mkono unaojulikana, na hakuna aliyeihesabu kuwa ya uongo kwa sababu haikuwa ya kwanza.

Tugeuke sasa upande wa Ferrari, ambako hali ni nyingine kabisa. Katika michezo ya televisheni ya Miami Vice, iliyoanza mwaka 1984, askari kanzu aliendesha Ferrari Daytona nyeusi ya wazi, na watazamaji waliomhusudu hawakujua kwamba chini ya bodi ile mlikuwa na chesisi ya Chevrolet Corvette. Ferrari walijua, wakaghadhibika. Na mwaka 1986 gari likalipuliwa kwa kombora mbele ya kamera, mahali pake pakaletwa Testarossa za kweli. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa yenye makao yake Cincinnati ikamkataza mwundaji mmoja kutengeneza nakala za Daytona na Testarossa. Alikuwa amejitetea kwamba hakumhadaa mtu, maana kila mnunuzi wake aliambiwa ukweli. Mahakama ikajibu kwamba pamoja na mnunuzi yuko mtu wa barabarani, anayeliona gari likipita na kulidhani la Ferrari.

Hukumu hiyo naikubali nusu. Mwenye kubandika farasi wa Ferrari juu ya gari lisilo Ferrari hana utetezi. Lakini umbo peke yake, la gari ambalo kiwanda kilikwisha kuacha kuliunda, ambalo kwa lile la Daytona ya wazi yalitoka kama mia na ishirini tu duniani, sioni ni nani aliyedhulumiwa likionekana tena barabarani. Hata hivyo soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake lenyewe kabla ya makadhi. Nakala nyingi za Ferrari na Lamborghini zilijengwa juu ya Pontiac Fiero, iliyoundwa baina ya 1984 na 1988, kwa kuwa injini yake hukaa nyuma ya viti. Na anayetaka kuiuza nakala ya namna hiyo hugundua kwamba wapenzi wa Ferrari hawaitaki, wapenzi wa Fiero husikitika kwamba Fiero nzima iliharibiwa, na aliyebaki ni yule atakaye kuonekana tajiri kwa bei nafuu, ambaye aghalabu hana fedha. Na mwaka 2019, Itajaí, kusini mwa Brazil, polisi walipofunga gereji iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini za kughushi, magari yaliyokuwamo yalizuiliwa yote. Mali iwezayo kuchukuliwa na askari haina bei ya kuuzia.

Porsche Speedster ina nakala zenye heshima kuliko hizo, na husaidiwa na nasaba: gari la kwanza la Porsche lilizaliwa kwa vipuri vya Volkswagen, basi nakala iliyosimama juu ya chesisi ya Volkswagen haijatoka nje ya ukoo. Lotus Seven nayo ni mkasa wa peke yake. Ilianza mwaka 1957 ikiuzwa vipande vipande ili mnunuzi Mwingereza aepuke ushuru wa ununuzi, na mwaka 1973 Caterham wakanunua haki ya kuiendeleza. Hata leo Caterham iliyotumika hushika bei kiasi cha kuwatia wivu wenye magari ya fahari, wala mtu haulizi tena kama ni asili au ni nakala.

Jambo moja hunikera. Viwanda vile vile vinavyolalamika juu ya wanakili vimeanza kunakili. Jaguar mwaka 2014 waliunda E-Type nyepesi sita, kwa hoja kwamba zamani walipanga kumi na nane wakaunda kumi na mbili. Kisha wakaunda XKSS tisa kufidia zile zilizoungua katika moto wa kiwandani mwezi wa Februari 1957. Kila moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni moja. Ni kazi ya ustadi, sikatai, lakini miaka hamsini na kitu imepita, mafundi waliounda zile za kwanza wamekwenda zao, na vyuma ni vipya. Kama hiyo si nakala, nakala ni nini? Tajiri aliyelipa hakudanganywa, kwa kuwa kiwanda kilimwambia wazi gari limeundwa lini. Na heshima hiyo hiyo anaistahili fundi wa gereji asemaye kweli.

Kwa mwenye kutaka kununua, cha kutazama kwanza ni kadi ya gari. Uingereza, gari lisilojulikana umri au asili hupewa namba inayoanza na herufi Q, na herufi hiyo moja hupunguza bei kuliko kutu. California hutoa kila mwaka vyeti 500 tu vinavyoruhusu gari la kuunganishwa kupimwa moshi kwa kanuni za enzi ya umbo lake, hivyo gari lenye cheti hicho huuzika upesi kuliko pacha wake asiye nacho. Sheria ya Marekani ya mwaka 2015, ambayo kanuni zake zilichelewa kwa miaka kadhaa, humruhusu mwundaji mdogo kuuza nakala 325 kwa mwaka za magari ya miaka 25 na zaidi, zikiwa zimekamilika, mradi awe na idhini ya mwenye haki ya umbo. Naitarajia itenganishe kabisa nakala zenye hati na zile za kubahatisha.

Na pale hati inaposema kweli, soko huweza kufanya maajabu. Mwaka 1986 filamu ya Ferris Bueller's Day Off ilionyesha Ferrari 250 GT California nyekundu, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa nakala ya faiba yenye injini ya Ford, na Ferrari wakawashitaki walioiunda. Ferrari ya kweli ya aina hiyo, iliyopata kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon, iliuzwa Paris mwaka 2015 kwa zaidi ya euro milioni 16. Mwezi wa Januari 2020, Scottsdale, Arizona, mojawapo ya zile za faiba ilifika dola 396,000, na walioshindania bei walijua wote kwamba haikuwa Ferrari.